Baridi ya kambini hutoka chini: mwongozo kamili wa kupanga matandiko, kwa watu wa Mwanza mnaopanda Ngorongoro na Kilimanjaro

Kila kipupwe malalamiko ni yale yale. Kikundi kimeondoka Mwanza alfajiri, kimeingia Serengeti kwa geti la Ndabaka, kesho yake kimepiga mahema kambi ya Simba, juu ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Kufika saa tisa usiku nusu ya watu wameshahamia kwenye gari, wamejikunja kwenye viti, wanambembeleza dereva awashe injini. Waulize walijifunika nini: blanketi zito, wengine mawili. Waulize walilalia nini, wanakutazama tu. Mkeka. Kitenge. Godoro la kupuliza la kuchezea watoto.

Sisi wa ziwani tumezoea baridi ya upepo. Inakuja kwa pembeni, unajifunika, imeisha. Mvuvi wa dagaa akiwa na sweta na koti la mvua juu yake, usiku unapita, kwa sababu maji ya ziwa lenyewe ni ya uvuguvugu. Ukilala ardhini mahali pa juu mambo ni mengine. Udongo ulio chini ya mgongo wako utakunyonya joto mpaka asubuhi na hautashiba.

Tena kinachokupa joto ni hewa iliyotulia ndani ya blanketi au begi la kulalia. Kitambaa kazi yake ni kuishikilia. Uzito wa mwili ukiifinya ile hewa upande wa chini, blanketi la laki moja linabaki na unene wa karatasi pale pale unapolalia. Ndiyo maana mtu anaongeza blanketi la tatu juu na mgongo bado unaganda.

Kwa hiyo mwongozo huu unatoka chini kwenda juu. Mwenye haraka asome hatua ya 3 na ya 4. Ndiko wengi wanakofeli.

## Vifaa kwa mtu mmoja

- Turubai jepesi au nailoni nene ya kutandika chini ya hema
- Maboksi makubwa mawili yaliyofunguliwa (kwa mnaokwenda na gari)
- Mkeka wa foma ngumu, unene wa sentimita 1 au zaidi
- Godoro la kambi la kujaza hewa lenye kizuia baridi ndani (kwa Kilimanjaro ni lazima, kwa Ngorongoro ni starehe)
- Begi la kulalia lenye kofia
- Shuka la ndani, flisi nyepesi iliyoshonwa kama mfuko
- Duveti jepesi au blanketi la flisi la kuweka juu
- Nguo kavu za kulalia tu: taiti, fulana ya mikono mirefu, soksi nene, mzula, skafu
- Chupa ngumu ya maji yenye mfuniko usiovuja
- Mifuko miwili mikubwa isiyopitisha maji, ya kuvika begi na nguo zisilowe
- Taa ya kichwani

Kama bajeti inabana, kata juu kabla ya kukata chini. Blanketi la kuazima linatosha kwa juu, lakini foma usikose.

## Hatua ya 1: Kadiria baridi ya unakokwenda

Usinunue kitu kabla ya kufanya hesabu hii. Mwanza iko karibu mita 1,140 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri ya kipupwe hapa huwa nyuzi 16 au 17 za Selsiasi. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, ondoa nyuzi 6 hadi 7.

Ukingo wa Ngorongoro uko karibu mita 2,300, kwa hiyo unapata nyuzi 8 au 9. Kambi ya Barafu, ile ya mwisho kabla ya kilele cha Kilimanjaro kwa wanaopita Machame, iko karibu mita 4,670. Hapo hesabu inakupeleka nyuzi 6 chini ya sifuri.

Sasa ondoa nyingine 5. Usiku usio na mawingu ardhi inapoteza joto haraka, na hesabu hii haijui upepo. Jipange kwa nyuzi 3 au 4 Ngorongoro, na 10 hadi 12 chini ya sifuri Barafu.

Wanaopanda kwa njia ya Marangu wanalala kwenye vibanda vya Mandara, Horombo na Kibo, na humo kuna vitanda na magodoro. Ninyi hatua ya 3 hadi ya 5 hazitawahusu sana. Ila msidharau begi: Kibo iko mita 4,720 na kibanda hakina moto.

## Hatua ya 2: Chagua begi la kulalia kwenye mitumba

Mlango Mmoja mabegi ya kulalia yanatoka, hasa belo la vitu vya michezo likifunguliwa. Muuzaji mwenyewe mara nyingi hajui anauza nini, atakuambia tu "hili la Ulaya, la baridi kali". Usimbishie. Tafuta lebo, iko ndani karibu na zipu au kwenye mfuko wa kubebea.

Lebo ya Ulaya iliyopimwa kwa kiwango cha EN 13537 au ISO 23537 ina namba tatu. Ya kwanza, "Comfort", ni joto ambalo mwanamke wa kawaida atalala bila kusumbuka. Ya pili, "Limit", ni ya mwanaume wa kawaida aliyejikunja asigande. Ya tatu, "Extreme", ni ya kubaki hai, usingizi haumo humo. Muuzaji atakuonyesha hiyo ya tatu kwa sababu ndiyo kubwa. Wewe soma ya kwanza peke yake, uwe mwanamke au mwanaume. Kumbuka pia kuwa namba hizo zilipimwa begi likiwa juu ya godoro zuri la kambi, halikuwekwa juu ya mkeka wa ukindu.

Begi la Marekani lina mtego wake. Likiandikwa 20, hizo ni nyuzi za Farenhaiti, sawa na 7 chini ya sifuri kwa Selsiasi, na hilo ni begi zuri. Likiandikwa 40, ni nyuzi 4 tu za Selsiasi. Tazama kama kuna herufi F au C baada ya namba.

Lebo ikiwa imekatwa, fanya hivi:

Likung'ute, litandaze, liache robo saa. Begi zima linafura. Lililochoka linabaki bapa. Kisha linyanyue juani utazame kutoka ndani. Ukiona mabaka ya mwanga yanapenya, manyoya au pamba ya ndani imehama, na baridi itapita hapo hapo.

Fungua na kufunga zipu yote mara kadhaa. Nyuma ya zipu kuwe na utepe mnene uliojazwa, wa kuziba upepo. Bila huo ubavu wako utajua.

Mwisho linuse. Harufu ya ukungu haitoki kirahisi.

Kuhusu kilichojazwa ndani: manyoya laini ya bata ni mepesi na yana joto sana, lakini yakilowa yanashikana na kuwa kama uji, joto linakwisha. Nyuzi za poliesta ni nzito zaidi ila zikipata unyevu bado zinasaidia. Kwa mtu anayeanza, anayepanda mlima wenye msitu wa mvua chini yake, nachagua poliesta. Na kama unakwenda Kilimanjaro mara moja tu maishani, kodi. Moshi na Arusha wapo wanaokodisha mabegi ya mlima, na litakuwa bora kuliko utakalopata mitumbani kwa pesa ile ile.

Umefaulu ikiwa: namba ya kwanza kwenye lebo iko sawa na hesabu yako ya hatua ya 1 au chini yake. Ikiwa juu ya hesabu kwa nyuzi 5 hivi, hatua ya 7 itaziba pengo. Ikiwa juu kwa 10, tafuta begi jingine.

## Hatua ya 3: Jenga tabaka la chini

Hapa ndipo pesa na akili yako viende.

Foma kwanza. Foma inayofaa ni ile ngumu yenye vitundu vilivyofungwa, kama ya mikeka minene ya mazoezi. Sponji ya godoro la kawaida haifai: nyonga inaizamisha mpaka chini, na inanyonya maji. Ukiwa dukani na huna uhakika, omba ndoo ya maji, chovya kona, kisha kamua. Ikitoa maji ni sponji, irudishe. Ikitoka kavu, chukua.

Urefu ufike angalau kutoka mabegani hadi chini ya makalio. Miguu inaweza kulalia begi la mgongoni lililomwagwa vitu.

Godoro la hewa. Godoro la kupuliza la kawaida, hata likiwa nene kama tofali la block, lina baridi kuliko foma ya sentimita moja. Ndani ni uwazi mtupu. Hewa iliyopata joto juu inazunguka, inashuka, inapoa kwenye ardhi, inarudi kukupoza. Godoro la kambi lililotengenezwa kwa baridi lina nyuzi au karatasi za kung'aa ndani zinazoizuia hewa isizunguke, na limeandikwa herufi R yenye namba.

Namba hiyo inapima uwezo wa kuzuia joto lisipotee, na raha yake ni kuwa inajumlishika. Foma yenye R 2 ukiiweka na godoro lenye R 3, una R 5. Kwa ukingo wa Ngorongoro lenga R 3. Kwa Barafu usishuke chini ya R 5. Godoro la kuchezea watoto halijaandikwa chochote. Lihesabu kama R 1 ukilionea huruma.

Maboksi. Wanaokwenda na gari wasiyadharau. Karatasi yenye mawimbi ndani imeshika hewa, na tabaka mbili za boksi la friji chini ya foma zinahisika. Tatizo ni unyevu: boksi likilowa linageuka kuwa ubaridi wenyewe. Kwa hiyo likae ndani ya hema, juu ya sakafu yake, lisiguse udongo.

Mpangilio kamili, kutoka ardhini:

1. Turubai, nje, chini ya hema. Lipungue kiganja kimoja kila upande kuliko sakafu ya hema. Likitokeza nje, mvua itatiririka juu yake na kukusanyika chini yako.
2. Sakafu ya hema.
3. Boksi.
4. Foma.
5. Godoro la hewa, kama unalo. Foma iliyo chini inalikinga na miiba.

Godoro lisijazwe hadi liwe ngumu kama mpira. Jaza, lalia ubavu, punguza hewa mpaka nyonga izame kidogo bila kugusa chini. Na pampu ni bora kuliko mdomo, maana pumzi ina unyevu, na unyevu huo unabaki ndani.

## Hatua ya 4: Lijaribu kwa barafu ya samaki

Usingoje kufika Ngorongoro ndipo ujue. Mwanza hatuna baridi, lakini barafu tunayo.

Nenda Mwaloni Kirumba, au popote unapopata barafu ya kuhifadhia samaki, nunua ya kujaza kiroba. Ivunje vunje, itie kwenye nailoni nzito uifunge, uitandaze uani iwe bapa kama mto mpana, iweze kukaa chini ya makalio na kiuno. Funika kwa turubai. Juu yake panga tabaka lako la chini kama ulivyokusudia, kisha lalia chali, umevaa nguo nyepesi, kwa dakika 30.

Dakika kumi za kwanza hazisemi kitu, kila foma inajisikia vizuri. Kuanzia ya kumi na tano sikiliza sehemu mbili: mfupa wa nyonga na sehemu ya chini ya kiuno. Ubaridi ukianza kupenya hapo, unakuja taratibu, mwanzoni utadhani ni jasho. Ingiza kiganja kati ya mgongo na foma. Kiganja kikirudi cha baridi, tabaka halijatosha. Ongeza foma ya pili, lalia tena.

Umefaulu ikiwa: dakika 30 zimepita, barafu bado ipo chini yako, na foma upande wa juu ina uvuguvugu wa mwili wako.

Wapo wanaopenda kujaribu kwa kulala ufukweni au juu ya mawe yetu. Jiwe la Mwanza linapigwa na jua mchana kutwa na usiku linatoa joto hilo polepole. Utaamka umelala vizuri na hujajifunza lolote. Ufukweni nako usiku viboko hutoka majini kutafuta majani. Jaribu nyumbani.

## Hatua ya 5: Pa kupiga hema

Hewa baridi ni nzito, inatiririka kwenda mabondeni. Epuka shimo na mkondo wa maji, panda mita chache ubavuni. Epuka pia mgongo wa kilima, huko upepo hauna wa kuuzuia. Nyuma ya kichaka au jiwe kubwa panatosha.

Mlango uelekee upande usio na upepo. Ondoa mawe na vijiti, na majani makavu usiyafyeke kama yapo.

Acha matundu ya juu ya hema wazi kiasi cha kiganja, hata kama roho inakataa. Pumzi zenu zina mvuke. Hema likizibwa kabisa mvuke unageuka maji kwenye kitambaa, yanadondoka, na alfajiri begi limelowa. Hapo ndipo mtu anapoapa kwamba mvua ilinyesha.

Onyo. Jiko la mkaa lisiingie ndani ya hema. Hata la kupoza, hata "dakika tano tu tupate joto", hata mlango ukiwa wazi. Mkaa unatoa gesi ya kaboni monoksidi isiyo na harufu wala rangi, inakulaza usingizi na huamki. Majiko ya gesi vivyo hivyo. Kiongozi wa kikundi apite hema kwa hema kabla ya kulala, na asione haya kumnyang'anya mtu jiko.

## Hatua ya 6: Nguo za kulalia

Kanuni ni moja: uliyovaa mchana usilale nayo. Ina jasho, hata kama hulihisi. Jasho likikauka usiku linachukua joto lako.

Pamba ndiyo mbaya zaidi. Jinzi, fulana za kampeni na soksi za shule vinashika maji na havikauki. Tafuta poliesta au sufu: taiti za mazoezi, fulana ya mikono mirefu, soksi nene zisizobana. Soksi mbili zilizobana zinazuia damu, vidole vinapata baridi zaidi ya ungevaa moja.

Mzula kichwani, skafu shingoni. Jaketi nene usilivae ndani ya begi kama begi linakubana: litafinywa, begi nalo litafinywa, umepoteza vyote viwili. Litandaze juu ya tumbo na mapaja.

Kuna ushauri unaozunguka kwamba ukilala uchi ndani ya begi utapata joto zaidi. Achana nao. Nguo kavu iliyolegea ni tabaka kama tabaka nyingine.

## Hatua ya 7: Begi, shuka na blanketi

Ukifika kambini tu, kabla hata ya chai, toa begi kwenye mfuko wake, likung'ute, litandaze. Linahitaji muda kufura. Anayelifungua saa ya kulala analala na begi bapa.

Ndani ingiza shuka la flisi. Linaongeza joto kidogo na linalinda begi na uchafu wa mwili. Juu weka duveti jepesi. Blanketi zito la kitandani usiliweke moja kwa moja juu ya begi la manyoya, litayabana. Kama ndilo pekee ulilonalo, likunje mara mbili uliweke chini, juu ya foma. Hapo linafaa kuliko lingefaa juu, na hili watu wa vikundi huwa hawaliamini mpaka walijaribu.

Mabegi mawili membamba, moja ndani ya jingine, yanakubalika. La nje liwe pana. Yakilingana, la ndani linabanwa na umebeba mzigo wa bure.

Ingia, funga zipu, vuta kamba ya kofia mpaka uso ubaki tundu la kupumulia. Pua na mdomo vibaki nje. Kupumulia ndani kunaleta joto dakika tano za kwanza, halafu unyevu wa pumzi unalowesha kifua chote cha begi. Pua ikiganda, ifunike kwa skafu.

Miguu isikanyage ukuta wa hema, umande utahamia kwenye begi. Vika sehemu ya miguu jaketi la mvua lililofungwa zipu, kama soksi kubwa.

Umefaulu ikiwa: baada ya robo saa una joto lakini hutoki jasho. Ukitoka jasho, fungua zipu kidogo sasa hivi. Jasho la saa nne usiku ndilo linalokugandisha saa kumi.

## Hatua ya 8: Saa moja kabla ya kulala

Begi halitengenezi joto, linatunza la kwako. Ingia ukiwa tayari una moto.

Kula kushiba, na chakula kiwe na mafuta. Ugali na nyama, karanga, chapati. Mwenye njaa hatapata joto hata kwenye begi la Ulaya.

Pombe kali iache. Inafungua mishipa ya ngozini, unahisi joto, kumbe damu ya moto imepelekwa nje kupozwa.

Nenda haja ndogo hata kama huna. Kuanzia saa sita kibofu kitakuamsha, na kutoka nje ni kupoteza joto la nusu usiku. Kambi ya Simba hupitiwa na nyati, kwa hiyo toka na mwenzako na taa, angalia pande zote kwanza. Vyakula visibaki ndani ya hema.

Pasha mwili: ruka ruka, chuchumaa na kusimama mara ishirini, uishie kabla ya jasho.

Halafu chupa. Jaza maji ya moto kwenye chupa ngumu, kaza, igeuze uone kama inavuja, ivike soksi, iweke kati ya mapaja. Hapo mishipa mikubwa ya damu iko karibu na ngozi na joto linasambaa mwili mzima. Chupa nyepesi za maji ya dukani hazifai, maji ya moto yanazinyong'onyeza na zinapasuka. Usiiweke kwa mtoto mdogo wala kwa mtu mwenye ganzi miguuni kama wagonjwa wa kisukari, ataungua bila kujua. Na huko Barafu maji huchemka kwenye nyuzi 85 hivi, yatapoa mapema kuliko ulivyozoea.

Simu, betri na soksi za kesho viingie nawe begini.

## Hatua ya 9: Ukiamka unatetemeka

Usikae ukijikaza mpaka kuche. Fuata mfululizo huu:

Pitisha mkono chini yako. Pako baridi? Umeteleza kwenye foma au godoro limepungua hewa. Rudi juu yake, chomeka nguo zote za akiba chini ya nyonga na mabega.

Chini pako sawa? Gusa kifua cha begi. Kama ni pabichi, badili fulana, toa pua nje.

Kama vyote viko sawa, kula karanga au kipande cha sukari guru, kunywa kidogo, kaza misuli ya mapaja na tumbo kwa pumzi chache, legeza, rudia. Kibofu kikiwa kimejaa, nenda. Ubishi hausaidii.

Onyo. Mwenzako akitetemeka asiweze kujizuia, ulimi ukawa mzito, akashindwa kufunga zipu yake, anajikwaa hovyo, joto la mwili limeshuka kupita kiasi. Akiacha kutetemeka huku bado ni wa baridi, hali imekuwa mbaya zaidi. Mwamshe kiongozi au mwongoza wageni papo hapo. Mvue vilivyolowa, mvike vikavu, mwingize begini pamoja na mtu mwenye joto, kichwa kifunikwe. Kama anajitambua na anameza vizuri, mpe kinywaji cha moto chenye sukari. Msimsugue mikono na miguu, msimpe pombe. Juu Kilimanjaro kuchanganyikiwa kunaweza kuwa pia ugonjwa wa mwinuko, na dawa yake ni kushushwa, hata kama ni usiku.

## Hatua ya 10: Asubuhi, na ukirudi Mwanza

Jua likichomoza geuza begi nje ndani, litandaze juu ya hema wakati mnakunywa chai. Robo saa inatosha kutoa unyevu wa usiku. Ukilikunja bichi, usiku wa pili litakuwa na baridi, wa tatu zaidi, na kwa Kilimanjaro usiku wa Barafu ndio wa mwisho kabla ya kilele.

Futa sakafu ya hema kwa kitambaa. Foma ikunjwe kavu.

Nyumbani usilihifadhi begi limeshindiliwa kwenye kimfuko chake, litasahau kufura. Liweke limelegea ndani ya shuka kubwa la pamba, au litundike kabatini mbali na ukuta. Nyumba zilizo karibu na ziwa zina unyevunyevu, kwa hiyo mara moja kwa mwezi lianike kivulini kwenye upepo. Foma nayo isimamishe wima. Ikilazwa chini ya masanduku inabonyea, na sehemu iliyobonyea ndiyo utakayoilalia safari ijayo.